Gari jipu ya umeme Bukavu: kuna anayeiendesha?

Mtu wa Nguba: Jambo wandugu. Shemeji anataka kuniuzia jipu ya umeme, betri ya 60 kWh (ndicho kipimo cha umeme unaoingia ndani). Kwa milima yetu na umeme unaokatika hovyo, nitaweza kweli? Nachaji wapi?

Baba Furaha: Yaya, mimi ninayo, mwezi wa nane sasa. Nachaji nyumbani, plagi ya kawaida ya 220 V, ampea 10. Usiku mmoja wa saa kumi unapata kama 20 kWh, theluthi ya betri yako. Ila huo usiku mzima ni wa kuombea! Nikisikia friji imeanza kunguruma saa nane, najua umeme umerudi, natoka na kandambili kuchomeka.

Wiki ya kwanza chaja ilikataa kabisa, taa nyekundu tu. Kumbe nyumba haikuwa na waya wa ardhi, ule wa kupeleka umeme unaovuja chini ardhini. Fundi alipigilia fimbo ya shaba nyuma ya jiko, taa ikawa kijani. Anza na hilo.

Milima usiiogope. Nikishuka kutoka Kadutu, mota inarudisha umeme na breki siigusi sana. Lakini betri ikijaa kabisa hairudishi kitu, na mimi naishi juu, basi naishia asilimia 90.

Mama Neema: Na mashimo je?

Baba Furaha: Dada, hapo utalia. Betri iko chini ya tumbo lake, na ni nzito. Mvua ikichimbua barabara, naiacha, napanda pikipiki.

Mtu wa Nguba: Aksanti yaya. Kesho namwita fundi.