Kanoli, binye, bomboloni au sfoliatela: kipi kinafaa jiko la nyumbani?

MamaRauhiya (Mombasa)

Assalaam aleikum wapishi wenzangu. Nimepewa vitafunio vya harusi ya mpwa wangu, na bibi harusi ameomba vile vitamu vya Kitaliano vyenye krimu ndani. Mahamri, kaimati na vileja nimevipika miaka yote, kwa hiyo karai halinitishi. Nina oveni ndogo ya umeme, friji moja na wasichana wawili wa kunisaidia.

Nimebaki na vinne: kanoli (bomba la unga lililokaangwa na kujazwa krimu), binye (vitufe vya kuoka vilivyo wazi ndani), bomboloni (maandazi ya hamira yaliyojazwa kastadi) na sfoliatela (pembe ya unga wa tabaka nyingi). Nataka kusikia kwa waliovipika kwa mikono yao. Kipi kinavumilia joto la huku kwetu? Kipi chaweza kuandaliwa tangu jana yake? Na kipi nitakipika bila mafuta ya nguruwe wala pombe na bado kikawa chenyewe? Wageni wetu wote ni Waislamu.

MpwaniPalermo

Waaleikum salaam dada. Naishi Palermo, basi nianze na kanoli, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi ikitoka Sisilia.

Ganda na krimu ni kazi mbili mbalimbali, na hazikutani mpaka mlaji awe mbele yako. Maduka yanayojiheshimu hapa hayakupi kanoli iliyojazwa tangu asubuhi. Unaagiza, wanajaza, unakula. Ganda likikaa na rikota, lile jibini laini la krimu yake, saa moja au mbili hunyonya maji ya jibini, na ukiuma halivunjiki tena. Kwa hiyo swali lako la "kuandaa jana yake" lina majibu mawili: ganda ndiyo, hata siku kadhaa kabla, likiwa ndani ya mkebe usiopitisha hewa. Kujaza, hapana.

Ganda la asili lina mafuta ya nguruwe na divai ya Marsala. Kwako weka hivi: unga wa ngano gramu 250, sukari vijiko viwili, samli gramu 30, kakao kijiko kimoja cha chai, mdalasini kidogo, chumvi kidogo, yai moja, siki kijiko kimoja cha mezani, na juisi ya zabibu nyeusi kiasi cha mililita 50, ukiimimina kidogo kidogo mpaka unga ushikane na uwe mgumu kuliko wa chapati. Funika, upumzike saa nzima. Siki inaufanya unga usivutike na kurudi unapousukuma, na unyevu uliomo ukigeuka mvuke ndani ya mafuta ya moto hupandisha yale malengelenge ya juu ya ganda. Sukuma mpaka karibu uone mkono wako upande wa pili. Unga mnene hautoi malengelenge hata ufanyeje.

Kata miduara, zungushia bomba la chuma, ncha moja juu ya nyingine, gandisha kwa ute wa yai. Ute usigusane na bomba, la sivyo ganda halitoki. Mafuta yawe nyuzi 170 hadi 180.

Krimu ni rikota ya kondoo, na wanaoipenda kanoli kwelikweli hupanda mpaka Piana degli Albanesi, milimani juu ya Palermo, kwa ajili yake. Ichujwe usiku kucha ndani ya friji, ichanganywe na sukari gramu 300 hivi kwa kilo, ilale tena kidogo, kisha ipitishwe kwenye chekeche laini. Usiipige kwa mashine, itakuwa uji. Vipande vidogo vya chokoleti ndani, pistachio au ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari kwenye ncha. Basi.

Zuhura_Dar

Jamani, manda za sambusa je? Si unazungusha tu kwenye bomba na kukaanga? Zinapatikana kila mahali na zimeshasukumwa.

MpwaniPalermo

Zinakaangika, da Zuhura, na zinaliwa. Lakini manda imeshapitishwa kwenye kikaango, maji yake mengi yameondoka, haipandishi malengelenge. Inatoka na uso mtupu, na ukiijaza inalegea ndani ya dakika chache. Kwa chai ya nyumbani sawa kabisa. Harusi ambayo bibi harusi ameomba kanoli kwa jina lake, hapana.

JikoniMalindi

Shikamoo mama Rauhiya. Mimi nimefanya kazi kwenye majiko ya Waitaliano hapa Malindi. Hawa wako kwetu tangu miaka ya 1960, kituo cha roketi cha San Marco kilipowekwa pale Ngomeni, na vyakula vyao tumevizoea.

Naona kanoli imekusisimua, lakini ungekuwa mama yangu ningekwambia pika bomboloni. Kule Toskana huuzwa mpaka ufukweni, watu wanakula na mchanga miguuni. Ni unga wa hamira wa kukaanga, kazi ambayo mkono wako unaijua: unga gramu 500, maziwa mililita 200 ya vuguvugu, mayai mawili, siagi gramu 80, sukari gramu 70, hamira kavu gramu 7, ganda la limau lililoparuzwa. Tofauti na mahamri iko kwenye kukanda. Siagi inaingia mwisho, unga ukishakuwa laini, na unakanda mpaka ukiuvuta unakuwa kama utando bila kukatika. Uumuke mara mbili, ukate miduara ya unene wa sentimita moja na nusu, ukaange kwa nyuzi 170. Mahamri tunayatia kwenye mafuta makali ili yafure upesi. Bomboloni kwa moto ule ule itaiva nje na kubaki mbichi katikati.

Ikipoa, unatoboa ubavuni na kukamulia kastadi. Haina nguruwe, haina pombe, haihitaji mabomba wala jibini. Ubaya wake ni mmoja: ni chakula cha siku hiyo hiyo. Ya jana inakuwa ngumu na inanuka mafuta.

FundiOveni (Nairobi)

Ndiyo maana mimi nasema binye. Bomboloni mia zinahitaji mtu asimame kwenye mafuta asubuhi ya harusi, na asubuhi ya harusi hakuna mtu wa kusimama popote.

Maganda ya binye unaoka wiki moja kabla na kuyagandisha. Siku ya siku unayarudisha kwenye oveni dakika tano yakauke, yapoe, unajaza. Vipimo: maji mililita 250, siagi gramu 100, chumvi kidogo, vichemke; unga gramu 150 kwa mkupuo mmoja; koroga kwa mwiko juu ya moto mpaka donge liachane na sufuria na utando mwembamba ubaki chini. Epua, lipoe kiasi cha kuvumilika kwa kidole, kisha mayai manne, moja moja. Yai la nne lipige kwanza na ulitie nusu nusu, kwa sababu mayai yetu hayalingani. Ukiinua mwiko, unga uning'inie kwa ncha iliyochongoka bila kudondoka kama uji.

Hakuna hamira wala baking'i pauda. Kinachofurisha ni mvuke peke yake, ndiyo sababu oveni inatakiwa kuwa moto kwelikweli tangu mwanzo, nyuzi 200, na mlango haufunguliwi dakika 15 za mwanzo. Baadaye punguza hadi 180 mpaka ubavu wa ganda uwe mkavu na wa kahawia. Rangi ya njano hafifu inadanganya: likitoka hapo linasinyaa. Toboa kila moja kwa ncha ya kisu mvuke utoke.

Oveni yako ikiwa ndogo, oka trei moja moja. Unga uliobaki unasubiri kwenye mfuko wa kukamulia bila shida.

JikoniMalindi

Kaka, unga huo huo unakaangika pia. Kule Napoli tarehe 19 Machi, siku ya Mtakatifu Yosefu, wanatengeneza zepole: wanaukamulia kama pete, wanakaanga, wanaweka kastadi juu na cheri nyeusi. Umeme ukikatika asubuhi, mama bado ana karai.

BiSalma_Muscat

Mwanangu mama Rauhiya, hongera kwa harusi. Niseme juu ya uhalali, kwa sababu wengi wanaishia kwenye mafuta ya nguruwe na kuona wamemaliza.

Rikota ya dukani soma kibandiko, kwani baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Tengeneza mwenyewe: maziwa halisi lita mbili, yapashe moto mpaka yakaribie kuchemka, zima, tia juisi ya limau vijiko vinne au vitano, koroga mara moja tu, acha dakika kumi, chuja kwa kitambaa. Usiyaache yatokote baada ya limau, chembe zinakuwa ngumu kama mpira. Ya Sisilia hupikwa kwa maji yanayobaki baada ya jibini na ladha yake ni ya kondoo, hii haitakuwa ile. Ukipata maziwa ya mbuzi, changanya nusu kwa nusu, utaikaribia.

Vanila ya maji nyingi imetolewa kwa pombe. Nunua vijiti, Uganda wanalima vanila nzuri sana, na kijiti kimoja kinatosha nusu lita ya maziwa. Tena krimu za kopo baadhi zina jelatini, na haisemwi ya mnyama gani. Unga wa tabaka wa kugandishwa nao uangalie mafuta yake.

Kuhusu joto, mimi niko Muscat. Krimu ya mayai ikishatoka kwenye friji, ukumbi ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja ndiyo mwisho wake. Usibembeleze.

BintiBologna

Shikamoo Bi Salma. Naomba niongezee kwenye kastadi, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya binye na bomboloni, na mbovu inaangusha vyote viwili.

Maziwa mililita 500, viini vitano, sukari gramu 130, kornifulawa gramu 45, ganda la limau bila ule weupe wake. Pasha maziwa na limau. Piga viini na sukari, tia kornifulawa, mimina maziwa ya moto polepole huku unapiga, rudisha jikoni. Hapa sasa: ikianza kuwa nzito watu huogopa na kuepua. Usiepue. Iache itoe mapovu dakika nzima, ukikoroga mpaka pembeni. Kiini kibichi kina kitu kinachokula wanga, na kisipouawa kwa moto, krimu iliyokuwa nzito jioni utaikuta asubuhi imekuwa supu. Imwage kwenye trei pana ipoe haraka, bandika nailoni ya chakula juu yake ikigusana nayo ili isifanye ngozi, halafu friji. Siku mbili, usizidishe.

JikoniMalindi

Au unga wa kastadi wa kopo. Hauna mayai, hauharibiki haraka, na kwa watu mia tatu hakuna atakayejua.

BintiBologna

Watajua, kaka. Ule ni wanga, rangi na harufu. Krimu ya viini inajaa mdomoni na inabaki na ladha ya limau baada ya kumeza. Mama ametuambia bibi harusi ameomba vya Kitaliano. Tukimpa wanga wa njano tumempa nini?

JikoniMalindi

Nimekubali kwa ladha. Kwa usalama bado nasimama na langu: jiko lisilo na friji ya uhakika, afadhali ya kopo.

MamaRauhiya

Friji ipo na jenereta la jirani lipo. Nitapika ya viini. Na sfoliatela? Hakuna aliyeigusa.

BintiBologna

Kwa sababu ni kazi ya mafundi, dada. Ilianzia kwa masista wa Santa Rosa, kule Conca dei Marini kwenye pwani ya Amalfi, na mwaka 1818 Pasquale Pintauro akaanza kuiuza Napoli, mtaa wa Toledo. Ile yenye majani majani inataka ukanda mrefu wa unga uliosukumwa mpaka mwanga upite, upakwe mafuta, ukunjwe kwa kukazwa, ulale kwenye baridi, ukatwe, kila kipande kisukumwe kwa dole gumba kiwe pembe, kijazwe semolina iliyopikwa na rikota. Mafuta ya nguruwe hubaki magumu kati ya tabaka. Samli katika joto la Mombasa itakuwa imeyeyuka kabla hujamaliza kukunja. Siagi inawezekana, ukiwa na chumba chenye kiyoyozi na siku nzima.

Ipo ndugu yake, sfoliatela frola, ya unga wa biskuti na kijazo kile kile. Hiyo unaiweza kesho. Lakini haina yale majani ambayo bibi harusi ameyaona kwenye picha.

Zuhura_Dar

Mimi nilikuwa na hamu nayo. Basi nitaijaribu msimu wa baridi nikienda Njombe. Kule hata jibini za mtindo wa Kitaliano zinatengenezwa.

MamaRauhiya

Allah awalipe wote. Nimeamua: binye za kastadi ndizo zitakazojaa sahani, maganda nitayaoka mapema na kugandisha. Kanoli nitafanya chache, za meza ya maharusi tu, na msichana mmoja atasimama pale na mfuko wa rikota ajaze mtu akiagiza. Bomboloni nitawapikia watu wa nyumbani asubuhi ya kuamkia harusi. Sfoliatela, mwambieni bibi harusi aende Napoli fungate.

Swali la mwisho: mabomba ya kanoli sijayaona madukani. Fundi bati anaweza kunitengenezea?

MpwaniPalermo

Anaweza, na zamani hapa walitumia vipande vya matete. Mwambie atumie chuma kisichoshika kutu, asikutengenezee kwa bati la kuezekea, kwani lina zinki na halifai kwenye mafuta ya moto. Urefu sentimita 12 hadi 14, upana wa kidole gumba kinene, kingo azisugue zisikate. Tengeneza angalau kumi na mawili ili mengine yapoe huku mengine yakiwa karaini. Ganda likitoka, lishike kwa kitambaa, subiri bomba lipungue moto kidogo, kisha lizungushe kabla ya kulivuta. Ukilivuta tu, litapasuka mkononi.