Naomba ushauri: kunoa na kutunza raba za skwiji

Ndugu wanachama, ninachapa fulana kwa skrini (fremu yenye wavu unaopitisha wino) katika karakana ndogo karibu na River Road, Nairobi. Raba zangu za skwiji (kifaa cha kusukumia wino kupitia wavu huo) ni za poliyurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka, zenye ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A, na kingo zake zimeanza kuwa butu, hivyo wino wa plastisoli (wino mzito wa plastiki) unapita kwa wingi na herufi ndogo za nembo zinatanuka, jambo linalonisikitisha sana kwa kazi za sare za shule. Kwa kuwa viyeyusho vikali huvimbisha na kulainisha raba, huzipangusa upesi badala ya kuziloweka. Je, msasa uliobandikwa juu ya kioo unaweza kurudisha ukingo ulionyooka, au ni lazima nitafute mashine ya kunolea? Nanyi huzipumzisha raba kwa muda gani baada ya kuzisafisha?