Tupeane uzoefu: Je, uliwahi kumtambua mhalifu kabla ya mpelelezi wa riwaya?

Msomaji wa Mikindani
Wanajamvi, salaam. Naomba kila mpenzi wa riwaya za upelelezi aeleze ni dalili ipi iliyomfungua macho alipokuwa akisoma, au ni ujanja gani wa mwandishi uliomfumba. Ombi langu ni moja tu: mhalifu asitajwe, kwa kuwa wapo wenzetu ambao bado hawajasoma.

Naanza mimi. Marehemu shangazi yangu alikuwa akitusomea barazani *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Alipokaribia mwisho alifunga kitabu, akamtaka kila mmoja wetu amtaje anayemshuku na atoe ushahidi uliomo kitabuni; asiyekuwa nao hakusikilizwa, hata awe mkubwa wetu sote. Wadogo tulitaka kuutwika mzimu lawama zote, naye akatuuliza mzimu ungefaidika nini kwa kifo cha mtu yule. Tangu hapo nilimwelewa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, ambaye huvuta kiko chake, akasikiliza, akapima maneno ya kila mtu, na kuyakataa maelezo ya kishirikina hata pale ambapo mji mzima umeyakubali. Usiku ule hatukumpata mhalifu, lakini mtindo ule wa kudai ushahidi ninao hadi leo.

Mwana wa Nachingwea
Mimi nililelewa na Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, na kwa heshima zote naona swali lako halimhusu sana. Katika *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, msomaji hahangaiki sana na nani alifanya. Anahangaika kama jasusi wetu atatoka salama. Ni ladha nyingine, nami naipenda.

Dada wa Lindi
Kisa changu ni cha safarini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, sisi wa Kusini tulivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakikolea barabara ilitukwamisha kweli kweli. Safari moja kulikuwa na riwaya moja ya upelelezi ndani ya basi, iliyochakaa na kuachana vipande, basi abiria tukaanza kupokezana vipande hivyo. Mimi nilipata cha mwisho kwanza, nikamjua muuaji kabla sijamjua marehemu. Nilidhani utamu umekwisha. Kumbe vipande vya mwanzo viliponifikia, niliona yale ambayo jirani zangu walikuwa wakiyapita: jibu lililotolewa haraka mno, mlango ulioelezwa mara mbili bila sababu ya wazi, mtu aliyejua habari ambayo hakuna aliyemwambia. Ndipo nilipotambua kwamba mwandishi mzuri hamfichi mhalifu, bali humweka mbele ya macho yetu na kutupa kitu kingine cha kutazama. Tangu siku ile kila riwaya ya namna hii naisoma mara mbili, na ile isiyostahimili kusomwa mara ya pili siihesabu kuwa nzuri.

Mwalimu, Newala
Maneno ya Dada wa Lindi nimeyaona yakitimia darasani. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kutunga kisa cha magunia ya korosho yaliyopotea ghalani wakati wa msimu. Wengi walimleta mwizi katika ukurasa wa mwisho, mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye, na wenzao wakakataa katakata kwamba huo ni upelelezi. Nikawaambia waanze upya kutoka kwa mwizi: aliingiaje, alihitaji ufunguo wa nani, kwa nini mizani haikumsaliti, kisha warudi nyuma hadi asubuhi magunia yalipogundulika hayapo. Binti mmoja alimweka mwizi wake katika aya ya kwanza kabisa, akimsaidia mtunza ghala kuhesabu magunia yaliyobaki. Darasa zima lilimshuku dereva wa lori, nami pia nilimshuku huyo huyo.