Bomba linavuja ndani ya ukuta: fundi wa mtaani, wa kutwa, au kampuni?

Mwana_Segerea
Wakuu, habari za majukumu. Ukuta wa bafuni unatoa unyevu, rangi upande wa chumbani inabanduka, na bili ya maji imepanda wakati watu ndani ni wale wale. Nimeita watu watatu waangalie, kila mmoja kaja na lugha yake.

1. Fundi wa hapa mtaani. Ufundi 40,000, vifaa ninunue mwenyewe. Nikamuuliza vifaa vitafika shilingi ngapi, akajibu "tukitindua tutajua".
2. Fundi aliyeletwa na shemeji. Huyu hapatani kwa kazi, anataka kutwa: yeye 35,000, saidia fundi 15,000. Anasema ni siku moja, ikizidi sana mbili.
3. Kampuni. 30,000 ya kuja kukagua (ukiwapa kazi wanaikata humo humo), halafu 380,000 kila kitu: vifaa, plasta na kurudishia marumaru. Risiti ya EFD, na waranti ya miezi mitatu.

Kwa haraka haraka namba 1 ndiye rahisi, ila hiyo "tutajua" inanikosesha raha. Mliopita huku mnasemaje?

Koki_Kuu
Kabla ya kuchagua fundi, jua kwanza maji yanatokea wapi. Una tangi?

Mwana_Segerea
Ninalo, lita 2,000, liko juu ya mnara. Maji ya DAWASA yanaingia humo kwanza ndiyo yanashuka ndani.

Koki_Kuu
Basi fanya hivi usiku watu wakishalala. Funga koki inayoingiza maji kwenye tangi, kisha kaangalie mita. Ikiendelea kuzunguka, panapovuja ni kati ya mita na tangi, huko ardhini, na ukuta wako hauhusiki na bili. Ikisimama, chovya kijiti kwenye tangi, weka alama maji yalipofika, funga na koki ya choo, ulale. Asubuhi pima tena kabla mtu hajanawa uso. Yakiwa yameshuka, laini ya ndani inavuja.

Choo kipime peke yake: tia rangi ya chakula kwenye kitangi chake, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba imechoka, na hiyo si kazi ya kumwita mtu wa kutindua ukuta.

Kama tangi halishuki hata kidogo lakini ukuta unalowa, angalia unalowa saa ngapi. Ukilowa baada ya watu kuoga, ni bomba la maji machafu au grauti, ile inayoziba nafasi kati ya marumaru, imeisha. Hapo mtu akianza kufukua laini ya maji safi atafukua mpaka jikoni na hatakuta kitu.

Na kama ni kabla ya mita, huo ni mzigo wa DAWASA. Toa taarifa, usimlipe mtu yeyote. Baada ya mita ni juu yako.

Fundi_Temeke
Mimi ndiyo kazi yangu hii, naomba nimtetee kidogo namba 1. "Tukitindua tutajua" si uhuni. Bomba likiwa PPR, yaani lile la plastiki, unakata palipopasuka, unachomea soketi kwa mashine, umemaliza. Joto nyuzi 260, bomba la nusu inchi sekunde tano tu. Ukizidisha, plastiki inayeyukia ndani na kubana njia, halafu mwezi ujao mnasema presha imepungua. Lakini likiwa bomba la chuma la zamani, na nyumba ilishawahi kutumia kisima cha maji ya chumvi, unashika hapa linatoboka pale. Hilo halina kiraka, unabadilisha laini nzima.

Kwa hiyo muulize hivi: ikiwa PPR utanitoza ngapi, ikiwa chuma ngapi? Anayejua kazi atakupa bei mbili papo hapo.

Na la mwisho, nisemwe nitakavyosemwa: ukimbana fundi kwenye ufundi mpaka ashindwe kupumua, atakula cha juu dukani. Elbo ya 1,500 itaandikwa 3,000. Lipa ufundi wa maana, vifaa nenda naye Kariakoo.

Mama_Watatu
Fundi, kwenda naye haisaidii kama duka ni la rafiki yake 😀 Mimi naomba orodha iliyoandikwa, kila kifaa na ukubwa wake, naulizia maduka mawili kabla ya kutoa hela.

Mwana Segerea, hebu ona hesabu yangu ya Kinyerezi, kazi kama yako, fundi wa mtaani. Ufundi 50,000. Vifaa 38,000. Hapo ndipo wengi wanaishia kuhesabu. Akaondoka ameacha shimo ukutani, kumbe fundi bomba haurudishii ukuta. Fundi wa marumaru 60,000, boksi la marumaru 32,000, saruji, mchanga na grauti 25,000. Jumla 205,000. Hao wako wa 380,000 bado ni ghali, ila usiwalinganishe na 40,000, walinganishe na laki mbili na kitu. Hiyo tofauti unanunua kutokushinda nyumbani. Mimi nina duka hapo hapo nje, niliweza kusimama juu ya vichwa vyao. Kama wewe unashinda Posta, hesabu yako ni nyingine.

Baba_Junior
Wa kutwa mwache kabisa. Saa nne chai, saa sita mashine kaiazimisha kwa mwenzake, saa tisa "bosi, hii tumalizie kesho".

Fundi_Temeke
Si wote, baba. Kutwa inafaa ukiwa umekusanya viporo: koki tatu zinadondosha, boya la tangi halifungi, sinki linavuja chini. Ukipatana kimoja kimoja utalia. Kwa ufa mmoja ukutani, hapo nakubaliana na wewe.

Salma_Z
Hakuna aliyetaja cheti. Si wanatoka VETA Chang'ombe?

Koki_Kuu
Wapo wa VETA, na wapo waliojifunzia kazini VETA ikawapima ujuzi na kuwapa cheti. Ni kitu kizuri kuwa nacho. Mimi lakini namwomba namba ya mteja wa mwaka jana, nampigia, nauliza swali moja: palirudia kuvuja?

Tena, plasta isipigwe siku hiyo hiyo. Acha ukuta wazi, fungulia maji, yalale na presha usiku kucha. Fundi umbakizie theluthi ya hela yake mpaka asubuhi muone pakavu wote wawili.

Mpangaji_Mbezi
Na sisi tuliopanga?

Mama_Watatu
Mtumie mwenye nyumba picha na ujumbe wa maandishi kabla hujaita fundi, mkubaliane itakatwa kwenye kodi. Ukitengeneza kwanza ndiyo udai, hiyo umeshatoa sadaka.

Mwana_Segerea
Mrejesho. Mita ilisimama, choo kizima, tangi limeshuka. Ni laini ya ndani.

Nimewauliza wote watatu swali la Fundi Temeke. Wa mtaani: PPR 40,000, chuma 150,000, plasta si yake. Wa kutwa kasema "kutwa ni kutwa". Kampuni, kumbe ile 380,000 ni ya PPR tu, wakikuta chuma "tutazungumza upya". Na waranti inahusu kiungo watakachoweka wao, bomba likipasuka pembeni yake ni bili mpya. Yaani nao wana "tutajua" yao, imevaa tai.

Nampa wa mtaani, Jumamosi, nikiwepo. Amekubali ukuta ulale wazi. Kilichobaki ni marumaru, zile za mwanzo sizioni madukani.

Mama_Watatu
Chukua kipande kilichovunjika, zunguka nacho Kariakoo, maduka mengine yana masalia ya zamani. Ukikosa, ng'oa mstari mzima uweke rangi nyingine kwa makusudi. Kiraka cha marumaru mbili utakitazama kila ukioga.

Fundi_Temeke
Na uweke koki ya kufungia bafu peke yake wakati ukuta uko wazi. Ni kifaa kimoja tu, na siku nyingine hutazima maji ya nyumba nzima.