Hivi viboksi vya "gemu 620" vinamuua Mario halafu lawama anabebeshwa Mario

Wakuu habari za jioni. Nina hasira hapa nilipo na naomba mods msiunganishe huu uzi na zile za "gemu tulizocheza utotoni", hili ni lalamiko, siyo kukumbushana.

Wiki iliyopita nimenunua Kariakoo kale kaboksi ka gemu ka kuchomeka kwenye TV, juu kameandikwa gemu 620, nimetoa elfu arobaini na tano. Muuzaji kaniapia kabisa kwamba kanakubali TV yoyote, hata hizi flati. Mimi shida yangu ilikuwa gemu moja tu, Super Mario Bros. ile ya 1985, nilitaka mpwa wangu wa miaka 11 aione maana mimi ndo nilikulia humo, tunakaa chini watoto nane, pedi moja, ukifa unampa mwenzako.

Tumechomeka, dogo kaanza. Yule uyoga wa kwanza anayetembea kamgonga, sawa, kila mtu alishakufa pale. Karudia, kafa tena. Mara ya tatu kafika mwishoni kwenye zile ngazi mbili zinazotazamana zenye shimo katikati, kadumbukia, karudi kadumbukia tena, akaniangalia akasema "mjomba mbona nimebonyeza na hajaruka?" Nikamwambia hebu lete. Wakuu, mimi ambaye 1-1 (dunia ya kwanza, hatua ya kwanza) naimaliza macho nimefumba nimedumbukia palepale! Nabonyeza, Mario anajifikiria kwanza, halafu ndo anaruka na shimo tayari liko chini yake. Dogo akasema gemu lenyewe bovu, akachukua simu yake akaondoka. Hicho ndo kimeniuma kuliko hela.

Kwa sababu siyo bovu!! Na kila siku nawaona watu humu wanarudia gemu za zamani kwa vitu vya namna hii halafu wanakuja kuandika eti "tulikuwa tunapenda nini pale, linaganda, linateleza". Hamjalicheza nyie. Lile gemu lina kilobaiti 40 tu, picha moja ya WhatsApp inalizidi, na ndani yake kuna dunia 8 zenye hatua nne nne, na kitu kilichotengenezwa kwa umakini kuliko vyote mle ni kuruka. Ukigusa kitufe cha A kidogo anaruka kidogo, ukiishikilia anapanda juu zaidi, ukiwa unakimbia kwa kushikilia kitufe cha B anaenda juu na mbali zaidi, na akiwa hewani bado unaweza kumvuta arudi nyuma. Angalia tu pale mwanzo, unapiga boksi la alama ya kuuliza, uyoga mzuri unatoka unaenda kulia, unadondoka, unagonga bomba, unarudi kwako, yaani hata ukiuogopa utaula tu na utajua wenyewe kwamba unakukuza. Hakuna maelezo hata mstari mmoja. Miyamoto na Tezuka, waliolibuni hilo gemu, walikufundisha kwa kukuwekea bomba! Sasa ukichelewesha vidole na macho umeua kila kitu, hakuna gemu lililobaki pale.

Nimempelekea fundi wangu wa TV akanieleza vizuri. TV ya chogo, zile nene za zamani, haina cha kusubiri, signali ikiingia inachorwa hapohapo mstari kwa mstari. Flati inapokea picha, inaikuza, inaisafisha, ndo inakuonyesha, na hizi picha za zamani za AV (zile waya za rangi rangi) flati nyingi hazizielewi, zinazichukua kama nusu picha zinaanza kuziunga. Ikichelewa sehemu ya kumi tu ya sekunde, Mario anayekimbia ameshasogea karibu tofali zima. Shimo la pale ngazini lina upana wa matofali mawili, piga hesabu mwenyewe. Nimewasha Game Mode, ile seti ya TV ya kupunguza kuchelewa, imepungua kidogo, haijaisha.

Na pedi nayo! Ile pedi ya kweli B na A zimelala pembeni kwa pembeni, dole gumba unalilaza juu ya B unakimbia, ukitaka kuruka unalibingirisha tu kwenye A bila kuachia B. Hii yangu wameziweka moja juu moja chini, ukiruka umeachia mbio. Aliyeitengeneza hajawahi kucheza hata siku moja. Na hizo gemu 620 ni uongo mtupu, Mario peke yake nimemhesabu mara saba kwa majina tofauti, zingine ni gemu lilelile linaanzia tu dunia ya katikati. Nimerudisha dukani naambiwa boksi likishafunguliwa halirudi. Nimepigwa.

Kwa fundi kulikuwa na chogo ya inchi 14 ya mteja, akaniruhusu nichomeke kale kaboksi kwa AV, nikamwita dogo aje. Kwa pedi ileile mbovu kamaliza 1-1 mara ya pili, kaingia chini ya ardhi 1-2, muda ulipopungua chini ya 100 muziki ukaanza kukimbia na yeye akasimama wima kabisa pale mbele ya TV anapiga kelele. Tumefukuzwa saa mbili usiku fundi anafunga.

Sasa ile chogo mwenyewe kaja kuichukua jana. Mwenye chogo nzima yenye AV, inchi 14 au 21, aje PM, niko Tabata, naifuata mwenyewe. Na mwenye pedi zile za zamani za B na A pembeni kwa pembeni naye aje, bei tutaongea.