Shimo jeusi likiwa ndani ya ulimwengu unaotanuka, nalo linatanuka?

Mwanafunzi_wa_Anga

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikipitia hesabu ya Schwarzschild ya 1916, ile inayoeleza shimo jeusi lisilozunguka. Sharti lake moja linanikwaza: ukienda mbali kabisa na shimo, angawakati, yaani nafasi pamoja na wakati, lazima inyooke, kana kwamba hakuna kitu kingine popote. Ulimwengu wetu hauko hivyo. Unatanuka, una maada kila upande, una nishati ya giza. Je, ukingo wa shimo, yaani mpaka ambao hata mwanga ukiuvuka hautoki tena, unasogea? Au tunatumia hesabu isiyotuhusu?

Kimondo

Nijuavyo mimi, nafasi yote inatanuka, kwa hiyo na shimo lazima litanuke nayo. Sioni litakwepaje.

Mzee wa Milinganyo

Mkuu Mwanafunzi, umegusa jambo ninalolipenda sana, na vitabu vingi hulipita juu juu.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Nafasi yenyewe ni bapa, au karibu sana na kuwa bapa. Vipimo vya setilaiti ya Planck havikuacha mwanya hata wa asilimia 1. Ila angawakati imepinda kwa sababu ya kule kutanuka. Kinachokukwaza ni hili la pili.

Mwaka 1918 Friedrich Kottler aliichukua hesabu ya Schwarzschild akaitia konstanti ya kosmolojia ya Einstein, Λ, ambayo ndiyo njia rahisi ya kuiandika nishati ya giza inayosukuma vitu viachane. Palipokuwa na 1 − 2GM/c²r pakaongezeka − Λr²/3 (M ni tungamo la shimo, r ni umbali kutoka katikati yake, G ni konstanti ya mvutano, c ni kasi ya mwanga). Tazama vipande hivyo viwili: cha kwanza kinapata nguvu ukilikaribia shimo, cha pili ukilikimbia. Matokeo yake mipaka inakuwa miwili: ukingo wa shimo kwa ndani, na upeo wa ulimwengu kwa nje, ambao yaliyo nyuma yake hayatatufikia kamwe.

Katikati pana mahali ambapo mvutano na msukumo vinalingana. Kwa tungamo la Jua ni umbali wa miaka-nuru 360 hivi. Kwa Sagittarius A*, shimo la katikati ya galaksi yetu lenye tungamo la Jua mara milioni 4 na ushei, ni zaidi ya miaka-nuru 55,000, ukilihesabu peke yake bila nyota zinazolizunguka. Ndani ya umbali huo shimo ndilo lenye kauli, na hapo ndipo sikubaliani na ndugu Kimondo.

Sasa ukingo wenyewe. Nusukipenyo chake kwa Sagittarius A* ni kama kilomita milioni 13. Nilipoingiza Λ kwenye hesabu, ukingo ulisogea nje kwa urefu ulio mdogo kuliko protoni mara zaidi ya milioni 10. Tena msogeo huo haukui miaka ikipita, kwa kuwa Λ haibadiliki. Upo tu, basi.

Kinachonisisimua zaidi ni dari. Ukizidi kuliongezea shimo tungamo, ukingo wake unapanuka huku upeo wa ulimwengu ukisogea ndani, mpaka vinakutana. Hidekazu Nariai ndiye aliyeichambua hali hiyo mwaka 1950. Kwa Λ tunayoipima leo, kikomo ni kama 2×10²² ya tungamo la Jua. Katika hesabu ya Schwarzschild dari hiyo haipo kabisa. Mandharinyuma ndiyo iliyoileta.

Kimondo

Nimekuelewa, mzee. Lakini mwaka 2023 si walitangaza kwamba mashimo yanaongezeka tungamo kwa sababu ya kutanuka kwa ulimwengu?

Mzee wa Milinganyo

Walipendekeza, ndiyo, wakitazama mashimo makubwa yaliyo katika galaksi kongwe. Pingamizi lililonishawishi lilitoka kwenye kundi la nyota NGC 3201. Kundi hilo ni kongwe mno, na lina mashimo meusi ambayo, kama dhana ile ni kweli, moja lingekuwa lilizaliwa na tungamo dogo kiasi kwamba lingepaswa kuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota yasiyo na tungamo la kutosha kuwa shimo jeusi.

Mwanafunzi_wa_Anga

Nashukuru sana. Bado maada: Kottler anayo Λ tu, hana galaksi wala gesi.

Mzee wa Milinganyo

Hapo ndipo pagumu. George McVittie alijaribu mwaka 1933, akaweka tungamo ndani ya ulimwengu unaotanuka wenye maada. Watu walibishana miongo mingi kama kweli mle ndani mna shimo jeusi, hadi 2010 Kaloper, Kleban na Martin walipoonyesha kwamba limo, mradi Λ iwe kubwa kuliko sifuri. Einstein na Straus nao, mwaka 1945, walikata duara tupu ndani ya maada wakaliweka tungamo katikati. Humo ndani hesabu ya Schwarzschild inabaki ilivyo.

Ila ujue ugumu mmoja utakaokutana nao ukisoma kazi hizi. Upeo wa tukio, yaani ukingo wa shimo kwa maana yake kamili, hufafanuliwa kwa miale ambayo haitatoka *milele*, kwa hiyo ili uuchore lazima ujue mustakabali wote wa ulimwengu. Ndiyo maana wengi huhesabu upeo wa dhahiri, yaani pale ambapo mwanga uliorushwa kuelekea nje unashindwa kusonga nje kwa saa hiyohiyo. Kwa Schwarzschild mipaka hiyo miwili ni kitu kimoja. Kwa McVittie inaachana, hivyo kabla hujauliza ukingo umesogea kiasi gani, taja kwanza ni upi.