Wauza wino wa Kariakoo, hivi mnajua mnachouza? Kalamu yangu imekufa kwa "wino ni wino, bosi"

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji tu, napita kimya kimya, ila leo yamenifika shingoni. Mwenye haraka apite, uzi ni mrefu.

Ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Wenzangu wa chaki mnaelewa: azimio la kazi, andalio la somo, nukuu, halafu madaftari ya vidato vitatu ya kusahihisha, yote kwa mkono. Nimeandika kwa peni za kawaida miaka kumi na moja, kidole changu cha kati kina sugu pembeni ya ukucha, ngumu kama kisigino. Mwaka jana kiganja kikaanza kuuma kuanzia kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Peni ya kawaida lazima uikandamize ndipo kile kigololi kizunguke, na wino wake ni mzito kama grisi. Kalamu ya kujaza wino haitaki nguvu. Unaigusisha nibu, ile ncha ya chuma, kwenye karatasi, wino unashuka wenyewe, wewe kazi yako ni kuuongoza. Hiyo ndiyo sababu, kabla hamjaanza na "mwalimu anataka kujifanya mkurugenzi".

Kalamu yenyewe ni Jinhao ya Kichina, mwili wa chuma, nzito kidogo, sh 25,000. Nilitamani Pilot Metropolitan ya Japani, watu wanaisifia na inastahili sifa, ila mfuko ukasema hapana na hii ndiyo iliyokuwa mbele ya macho. Sina neno nayo. Iliteleza tangu siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili maumivu ya kiganja yalipungua mpaka mke wangu akaniuliza mbona siku hizi sisugui mkono usiku.

Katriji moja iliyokuja nayo (kile kibomba cha wino cha kubadilisha) iliisha upesi, na katriji hapa Moro sijaziona. Lakini ndani ya kalamu kuna pampu ndogo: unazamisha nibu yote kwenye chupa, unazungusha kitako cha pampu, wino unapanda. Pampu inabeba chini ya mililita moja, kwa hiyo chupa ya mililita 50 unajaza zaidi ya mara hamsini. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitia tamaa. Likizo ya Desemba nikashuka Dar, nikaenda Kariakoo kwenye duka moja kubwa la vifaa vya ofisi. Jina silitaji, maana najua mods, wasimamizi wa jukwaa, mtaufuta uzi.

Sasa sikilizeni mazungumzo, neno kwa neno.

"Kijana, una wino wa chupa wa kalamu ya kujaza?"

"Upo, bosi."

Nikatoa kalamu mfukoni, nikaifungua, nikamwonyesha pampu. "Wino wa kalamu hii hapa. Uniangalizie vizuri, usije ukanipa wa mhuri."

"Huo huo bosi, wa kalamu kabisa. Wanachukua hata mawakili."

Sh 12,000. Nikapewa kichupa cha kioo kimefungwa kwenye mfuko, na stika ya bei imebandikwa katikati ya lebo. Hiyo stika muikumbuke, tutarudi kwake.

Shule zilipofunguliwa nikaujaza. Siku ya kwanza wino ulikuwa mweusi ti, mzuri mpaka nikajipongeza. Siku ya pili nibu ikaanza kukwangua. Siku ya tatu niko mbele ya Kidato cha Pili nasaini daftari la mahudhurio, kalamu ikatoa nusu ya herufi, kimya. Nikaikung'uta kidogo, hamna. Nikaikung'uta kwa hasira, likatoka tone moja kubwa likatua kwenye shati jeupe, hapa kwenye mfuko wa kifua. Darasa zima likacheka. Shati nimelifua kwa sabuni ya unga, nimelifua kwa limau, nimelifua kwa jiki, doa limekaa pale pale. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Wino wa kawaida wa kalamu ya kujaza ni maji na rangi. Doa lake linang'ang'ania, sawa, lakini likiloweshwa hufifia walau kidogo. Hili halikusogea hata chembe.

Nyumbani nikaweka nibu kwenye glasi ya maji ya baridi ilale humo. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama nilivyoyaacha. Nikavuta nibu na ule ulimi wa plastiki ulio chini yake (kwenye kalamu hii vinachomoka kwa kuvuta taratibu), nikaangalia kwenye mwanga wa dirisha. Vile vijia vya kwenye ulimi, vyembamba kama unywele, vilikuwa vimezibwa na kitu cheusi kinachong'aa, kama mtu kamimina vanishi. Nikakikwangua kwa ncha ya pini. Kikabanduka vipande vipande, kama rangi ya ukuta inayobambuka.

Ndipo nikakitia kile kichupa kwenye maji nibandue stika ya bei. Wakuu, chini ya stika, kwa Kiingereza, herufi ndogo: wino wa kuchorea, usiotoka kwa maji. Stika ya elfu kumi na mbili ilikuwa imekaa juu ya neno lile tu, kama imepimwa kwa rula!

Kwa asiyejua tofauti, hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Wino wa kuchorea, ule wanaouita wino wa India, ni masizi laini sana yaliyochanganywa na kitu cha kuyagandisha kwenye karatasi, mara nyingi shelaki, ule utomvu wa mdudu ambao mafundi seremala walikuwa wakiutumia kung'arisha samani. Kazi yake ni kukauka na kuwa ngozi isiyotoka kwa maji. Kwenye kalamu ya kuchovya, ile ya zamani ya kidau, hakuna shida, ukimaliza unafuta nibu kwa kitambaa. Kwenye kalamu ya kujaza, wino unakaa ndani siku nzima na usiku kucha. Wino unashuka kwa vijia vya ulimi, hewa inapanda kwa njia hiyo hiyo kujaza nafasi. Ukiziba njia moja umeziba zote mbili. Wino wa mhuri nao una ubaya wake, umetengenezwa usikauke kwenye kitambaa cha mhuri, kwa hiyo kwenye karatasi unabaki unatapakaa. Wino wa printa wa kujazia katriji nao usithubutu. Wino si wino. Ni kama mtu akuuzie dizeli ya gari la petroli halafu akwambie mafuta ni mafuta.

Nikawapigia. "Tutumie picha WhatsApp." Nikatuma picha nne. Tiki mbili za bluu, kimya jii. Siku tatu baadaye nikapiga tena, nikajibiwa mali ikishauzwa hairudishwi, soma risiti. Nikawaambia risiti ninayo, imeandikwa "wino 1". Wino 1! Hata wao hawajui wameniuzia nini.

Mwezi wa pili nilikuwa na safari ya Dar kwa shughuli nyingine, nikapitia dukani. Nimelipa nauli, nimesimama foleni, kijana ni yule yule. Akaita mzee mwenye duka. Mzee akaishika kalamu yangu kwa vidole viwili kama ameshika panya, akasema, "Hizi kalamu za Kichina, bwana. Feki." Nikamwambia mzee wangu, shikamoo, kalamu imeandika wiki mbili bila kosa, imekufa siku tatu baada ya wino wako. Akamgeukia kijana: "Mbadilishie." Nikafurahi. Kijana akapanda ngazi, akashuka na chupa nyingine ya zambarau.

Wino wa mhuri. Una picha ya mhuri kwenye lebo, mkubwa, wa kuonekana na kipofu.

Nilicheka, wakuu. Nilicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Halafu nikatoka maana nilihisi nitasema maneno ya kumfukuzisha mtu kazi.

Na msinijibu kwamba mteja hana haki akishalipa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ipo miaka yote: mnunuzi akimweleza mfanyabiashara bidhaa ni ya kazi gani, akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Mimi sikueleza tu, nilionyesha kalamu. Tume ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya walaji, nayo ipo. Najua, kwa elfu kumi na mbili nitatumia nauli kubwa kuliko deni, na wao wanalijua hilo vilevile, ndiyo maana wanajibu kwa jeuri.

Wengine wa kulaumiwa ni nyie wa mitandaoni mnaouza "kalamu za kibosi" kwenye boksi la velveti. Nibu imechongwa "Iridium Point Germany", mnaipandisha bei mara tatu mkisema ni ya Ujerumani. Maneno hayo yanachongwa kwenye nibu za kalamu za Kichina za bei rahisi tangu zamani, si ushahidi wa chochote. Kalamu inaweza kuwa nzuri tu, ila uza kwa jina lake. Na hakuna hata mmoja wenu anayemwambia mnunuzi atajaza wino gani! Wala hamsemi kwamba katriji za Pilot, Lamy na Platinum kila moja ina mdomo wake, huwezi kuchanganya. Mtu ananunua leo, wiki ijayo kalamu imekuwa pambo la mezani.

NYONGEZA: Wengi mnauliza wino gani sasa. Mnaokwenda nje au wenye ndugu huko, agizeni Parker Quink, ipo tangu 1931, au Pelikan 4001. Hizo zimetengenezwa kwa kalamu hizi. Angalizo moja kwa walimu: bluu ya kuoshwa inatoka kwa maji, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Tone la jasho kwenye ripoti ya mwanafunzi na jina limeondoka. Kwa kumbukumbu za kudumu chukua iliyoandikwa kuwa ni ya kudumu. Na kwa madaftari yetu haya ya karatasi laini, chukua nibu nyembamba. Nene itatokeza upande wa pili na herufi zitaota ndevu. Nyembamba ya Kijapani ni nyembamba kuliko ya Ulaya, msishangae.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema niloweke kwenye spiriti, asante, shelaki inayeyuka kwa spiriti kweli, lakini na baadhi ya plastiki zinapasuka. Nimetumia maji yenye matone machache ya amonia ya kusafishia vioo na tone la sabuni ya vyombo, nikawa nasukumia kwa bomba la sindano, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Leo ni siku ya tano. Maji yameanza kutoka na vumbi jeusi. Nibu imeandika mstari mmoja na robo halafu ikakata.

NYONGEZA 3: Wanaonifuata inboksi kuniuzia wino, tuma kwanza picha ya lebo. Bila stika.